Bibi Aliyetoka Chumba cha Mionzi

Kidonge kilikuwa kidogo, hakina tofauti na vile vya kutuliza maumivu vinavyouzwa kila duka la dawa. Lakini kilikaa ndani ya kopo la madini ya risasi, zito kama jiwe la kusagia, na mimi nilikitoa nikiwa nyuma ya kizuizi, kwa koleo lenye mkono mrefu, nikakidondosha kwenye kikombe cha karatasi na kukisogeza taratibu mbele ya mama aliyeketi ukingoni mwa kitanda.

Mama alikitazama kidonge, akalitazama koleo, kisha akanitazama mimi.

"Mwanangu, wewe mwenye kazi yako unakiogopa hivyo, halafu mimi nikimeze?"

Wagonjwa wengi huniuliza hivyo, na jibu langu lilikuwa tayari. Nilimwambia kwamba mimi navishika mara kwa mara na hakuna hata kimoja kinachonisaidia, ila yeye anameza mara moja tu na kwake ni dawa. Saratani ya tezi waliyomkata shingoni huenda iliacha mabaki. Kidonge kitayafuata yalipo na kuyaunguza. Alisikiliza, akagusa kovu chini ya koo, akafanya ishara ya msalaba, akameza.

Kuanzia hapo mwili wake ulikuwa unatoa mionzi. Jasho lake, mate yake, mkojo wake, vyote vilikuwa na chembe za ile dawa. Nilimwachia maelekezo kama ninavyomwachia kila mgonjwa: asitoke chumbani mpaka nimpime na kumruhusu, choo akivute maji mara mbili, chakula kitawekwa mlangoni, simu yake ibaki ndani ya mfuko wa plastiki. Kabla ya kumpa dawa nilikuwa nimemuuliza kama nyumbani kuna mtoto mdogo. Akasema hakuna. Mjamzito je? Akasema binti yake ana mimba, lakini anaishi na mumewe Tabata, na bado muda wake. Majibu yote mawili yalikuwa ya kweli siku ile.

Mimi ni mwanafizikia katika hospitali moja ya katikati ya jiji. Watu wakisikia hivyo hudhani nafundisha sekondari. Kazi yangu ni kusimamia mashine za picha na dawa zenye mionzi, nihakikishe mionzi inamfikia mgonjwa anayeihitaji na haimfikii mtu mwingine. Siku nyingi ni kazi ya kupima kuta, kukagua milango, kugombana na mafundi wanaosahau kuvaa vipimo vyao kifuani. Wenzangu husema nimeshazoea. Kweli mikono imezoea, lakini kila ninapowasha kipimo changu kuna sekunde moja, kabla hakijaanza kutoa sauti, ambayo husikiliza kama siku ya kwanza kazini.

Nesi wa zamu alinipigia simu asubuhi, siku ya pili tangu mama ameze dawa.

"Dada, njoo huku. Chai iko mlangoni tangu alfajiri, na nikigonga haitikii."

Nilikimbia kwenye ngazi. Nilifikiri ameanguka chooni, au moyo umesimama, na nilikuwa tayari napanga nani ataingia na kwa muda gani. Tulifungua mlango. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri kama cha mgeni aliyelelewa vyema. Gauni la hospitali lilikuwa limekunjwa juu ya mto. Sakafuni ulibaki ule mfuko wa plastiki wa simu, mtupu.

Nilisogeza kipimo kwenye mto na kikapiga kelele mfululizo, mpaka nesi akarudi nyuma hadi ukutani.

"Alikuwa na nini jana?" nikamuuliza.

"Alipigiwa simu. Nikamsikia anapiga vigelegele humo ndani, peke yake. Binti yake kajifungua kabla ya wakati, mtoto wa kiume, mzima, na mzazi ataletwa Kariakoo nyumbani kwa mama yake. Baadaye ndio akaanza kulia. Alilia mpaka jioni."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini, dada? Kwamba mtu analia?"

Nilishuka getini. Mlinzi wa getini alikumbuka mama aliyejitanda kanga, ameshika kapu, akitoka pamoja na watu walioleta uji wa wagonjwa. Alidhani ni ndugu wa mtu. Alimpa hata nafasi apite kwanza.

Nilisimama pale getini, jua likinipiga kichwani. Kama angekwenda popote kwingine, ningeogopa kwa kiasi. Mtu aliyemeza dawa ile akipita sokoni, akakusalimia na kuondoka, hawezi kukudhuru. Lakini nilijua alikoenda. Nami nimezaa, najua bibi anafanya nini na mjukuu wake wa kwanza. Anamwogesha. Anamkanda. Anambusu. Anamlaza kifuani, hapa chini ya shingo, mahali ambapo mionzi yake ilikuwa kali kuliko kote. Na shingo ya mtoto mchanga ina katezi kadogo kenye njaa ya dawa ile ile, kanakoweza kuinyonya kutoka kwenye tone la mate.

Simu ya mama ilikuwa imezimwa. Ya binti yake iliita bila kupokelewa.

Mganga mfawidhi alinisikiliza akiwa amesimama. Alikuwa mtu wa maneno machache, na siku ile aliyapunguza zaidi.

"Nenda wewe. Usivae koti jeupe. Gari lisiwe na king'ora. Na hilo neno mionzi usilitamke Kariakoo mpaka iwe lazima."

Nilikwenda na mwenzangu mmoja, fundi wa chumba cha picha, kaka mpole aliyehesabu upya glavu na shuka safi tulizobeba kabla ya kufunga mkanda wa gari. Kipimo nilikiweka ndani ya mkoba wangu wa kawaida, chini ya mtandio, nimezima sauti yake. Dereva alituacha karibu na Msimbazi kwa sababu mbele hapakuwa na njia: marobota ya mitumba yalikuwa yanashushwa, mikokoteni imezuia, na wapagazi wanapiga kelele, "Mzigo! Mzigo huo!" Tulitembea. Nimekulia mitaa hii, kwenye nyumba ya Kiswahili ambayo sasa ni ghorofa la maduka ya simu, na sijawahi kuuogopa msongamano wake. Siku hiyo niliuogopa. Kila mama mwenye mtoto mgongoni nilimwangalia kana kwamba nimemkosea kitu. Kila mara nilichungulia mkoba, na mshale wa kipimo ulikuwa umelala chini, na sikujua nifurahi au la. Na nilijua jambo moja ambalo kila mkazi wa Kariakoo analijua: mtu mmoja akikimbia, wengine hukimbia kwanza, ndipo waulize kuna nini.

Mama alikuwa na duka la vitenge vya jumla chini ya ghorofa alimoishi. Duka lilikuwa limefunguliwa nusu. Jirani yake, mwanamke mnene aliyekuwa akiuza mashuka, alituona tukichungulia.

"Mnamtafuta mama? Mambo yake leo mazuri, kapata mjukuu. Amepita hapa asubuhi, kachagua kitenge cha kumbebea, akapanda juu. Alikaa hapa hapa kidogo kupumzika." Akapigapiga kiti cha plastiki alichokalia yeye mwenyewe.

Nilijifanya natafuta leso, nikausogeza mkoba karibu na kiti. Mshale ulinyanyuka kidogo, ukashuka. Kidogo sana, jasho tu la mtu aliyekaa na kuondoka. Hata hivyo nilitamani kumwambia yule mwanamke ainuke.

"Kiti hiki dada, nitakuja kukiazima baadaye," nikasema. Akanishangaa.

Lifti ilikuwa na karatasi iliyobandikwa kuwa ni mbovu. Tulipanda kwa miguu, tukipishana na watoto, wengi, waliokuwa wakishuka na kupanda kwa kelele. Mwenzangu alisimama kwenye kona ya ngazi.

"Sista," akaniambia kwa sauti ya chini, "tukimkuta amembeba, tunafanyaje? Tunamnyang'anya?"

"Hatumnyang'anyi mtu. Tunaomba."

"Na akikataa?"

Nilipanda; mawazo yangu hayakuwa yamefika huko.

Mlango wa ghorofa ya tatu ulifunguliwa na mama mwenyewe. Alikuwa amejifunga kitenge kipya, bado kinang'aa kwa gundi ya kiwandani. Ndani yake, kifuani, kilionekana kichwa kidogo chenye nywele nyeusi. Nyumba nzima ilinukia mtori, ndizi na nyama zikichemka jikoni.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba." Alinitazama kwa muda. "Umenifuata mwanangu."

"Nimekufuata mama. Naomba unipe nafasi niongee na wewe."

"Ongea."

"Kwanza naomba mtoto umlaze kitandani. Mbali na wewe kidogo."

Mikono yake ilimkaza mtoto zaidi. Nilichungulia mkoba. Mshale ulikuwa umepanda, umesimama pale pale, hautingishiki. Hesabu zilikuwa zinakwenda kichwani mwangu bila kuzialika: tangu saa ngapi, umbali gani, mara ngapi. Mara nyingi hesabu hunituliza. Siku hiyo kila nilipofika mwisho nilianza upya, nikiogopa nimekosea.

"Mimi ninajisikia mzima," akasema. "Sina homa, sina kidonda. Binti yangu hana mama mwingine. Nani amkande? Nani ampikie? Kwetu mzazi haachwi peke yake. Na kwenu hivyo hivyo, msinidanganye."

"Ni kweli. Na kwetu hivyo hivyo."

"Basi?"

"Mama, ile dawa bado iko shingoni mwako. Inafanya kazi yake vizuri kabisa, na ndiyo maana nimekuja. Wewe inakutibu. Yeye haina cha kumtibu."

Nilimwona akielewa. Uso wake ulibadilika taratibu, kama mtu anayesikia maji yakiingia ndani ya nyumba. Aliinamisha kichwa kumtazama mtoto, halafu akakiinua haraka na kugeuza mdomo pembeni, asimpumulie. Lakini mikono haikumwachia. Nadhani ilikuwa haiwezi.

Hapo binti yake akatokea mlangoni mwa chumba, ameshikilia ukuta, kanga imefungwa tumboni kwa mkazo wa uzazi. Alikuwa amesikia.

"Dawa gani? Mama, dawa gani? Mtoto wangu amefanyiwa nini?"

Na kabla sijafungua kinywa alipiga kelele. Ilikuwa sauti ya mtu aliyejifungua jana tu na hana nguvu, lakini ilifika mpaka chini.

Milango ilianza kufunguka. Kwanza alikuja mzee wa mlango wa pili, kofia kichwani, tasbihi mkononi. Wakaja wanawake wa ghorofa ya juu, wakaja vijana wa stoo. Wote waliuliza kwa pamoja, na kila mmoja akajibiwa na mwenzake. Nilisikia "kaja na ugonjwa". Nikasikia "katoroka karantini". Mtu akasema ni sumu, mwingine akasema hawa wawili ni wezi wa watoto, na mkono mmoja ukamshika mwenzangu begani. Alinigeukia akingoja niseme neno. Chini kwenye ngazi nilisikia miguu ya watu wengi, na sikuweza kujua kama wanapanda au wanakimbia.

Sijawahi kuogopa hivyo maishani. Sikuuogopa mwili wa mama. Ule nilikuwa nauelewa. Niliogopa kwamba ndani ya dakika chache watu watakanyagana kwenye ngazi zile nyembamba kwa ajili ya kitu ambacho kisingeweza kuwaumiza hata mmoja wao. Na mtoto katikati.

Nilitoa kipimo kwenye mkoba, nikarudi hadi mlangoni walipo, nikakiinua juu wakione, nikawasha sauti.

"Sikilizeni!" nikasema. "Mimi natoka hospitali. Mama huyu ni mgonjwa wangu, amepewa dawa ya kutibu shingo. Haambukizi. Haiko hewani. Sikilizeni kifaa hiki hapa mlangoni mlipo." Kilikuwa kinadonoa polepole, tik, kimya, tik. "Hicho ndicho kinachosikika hata msikitini, hata baharini. Mliopo hapo hamna tatizo lolote. Ila msisogee. Naombeni nafasi, mtoto atoke."

Yule mzee mwenye tasbihi alinitazama kwa makini. "Wewe ni wa nani?" akauliza. Nikamtajia nyumba ya babu yangu. Akageuka, akawanyoshea mkono wake mwembamba.

"Rudini nyuma. Huyu ni mtoto wa hapa hapa. Rudini, nimesema!"

Wakarudi, si sana, ila walirudi. Mwenzangu aliachiwa bega lake.

Mama akalegeza kile kitenge. Hakumlaza mtoto kitandani. Alimweka sakafuni juu ya mkeka, akarudi nyuma kwa magoti mpaka mgongo wake ukagonga kabati. Mtoto akaanza kulia. Hakuna aliyemsogelea. Binti alikuwa amejibanza ukutani, mimi nimeshika kipimo, na kwa muda mfupi ambao hadi leo kuukumbuka kunaniuma, kichanga kililia peke yake katikati ya chumba chenye watu. Kisha mwenzangu, yule aliyeniuliza tutafanyaje, alivaa glavu, akapiga magoti, akamfungua nguo zote akaziacha pale pale, akamfunga kwenye shuka safi tuliyokuja nayo na kumpakata.

"Amelowa tu," akasema. "Amekojoa." Na machozi yalikuwa yanamtoka.

Niliita gari la pili kutoka hospitali, tukawaondoa kwa magari mawili. Binti na mtoto walitangulia na mwenzangu. Mimi nilimshusha mama kwa ngazi za nyuma, zile za kutolea takataka, nikiwa nimetangulia hatua kadhaa mbele yake. Alikuwa ameshusha kanga mpaka machoni, na watu waliotuona walibana ukutani hadi tukapita. Mmoja alitema mate. Mama aliendelea kushuka. Garini alikaa kiti cha nyuma kabisa, na tulipofika kwenye foleni ya Mnazi Mmoja ndipo alipouliza.

"Nimemuua?"

"Hapana mama. Hujamuua."

"Unaapa?"

Nilikuwa na uhakika hatakufa. Kuhusu mengine, ile tezi ndogo na miaka ambayo mtoto alikuwa nayo mbele yake, sikuwa na uhakika wowote mpaka nimpime. "Kwa hilo naapa," nikasema, na nikaona jinsi alivyolisikia neno "hilo".

Mtoto aliogeshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, mara ya kwanza, mara ya pili. Maji ya kwanza yalikuwa na alama ya dawa, ya pili karibu hayakuwa nayo. Daktari wa watoto na daktari wa tezi walibishana kwa sauti za chini kwenye korido, kisha wakakubaliana wampe matone machache ya dawa ya kuizuia tezi isinyonye. Baba wa mtoto alifika wakati huo huo kutoka kazini, shati limelowa. Alikuwa kijana mwenye adabu, na adabu hiyo ilikuwa inamponyoka.

"Nani alimruhusu?" akaniuliza. "Nyinyi mnampa mtu kitu cha namna hiyo, halafu mlango hauna hata kufuli?"

"Hatuwafungii wagonjwa," nikasema. "Si wafungwa."

"Basi mwanangu ndiye mfungwa."

Nilikubali maneno yake. Ningekuwa yeye ningesema mabaya zaidi.

Kupima shingo ya mtoto mchanga ni kazi ya utulivu. Chumba lazima kiwe mbali na wagonjwa wengine wenye dawa, kifaa kipimwe kwanza kikiwa kitupu, kisha mtoto alale bila kujitupa. Nililifunga pazia, nikavua hata saa yangu. Binti alimnyonyesha mpaka akalala. Nikakiweka kifaa karibu na kile kishingo chenye mikunjo, kisichozidi upana wa vidole vyangu viwili, nikabonyeza, na nikasubiri hesabu ikamilike.

Tulichokipata kilikuwa karibu sawa na kile cha chumba kitupu. Nilirudia. Nikamwomba mwenzangu arudie bila kumwonyesha majibu yangu. Kesho yake tukapima tena, na siku iliyofuata, na wiki iliyofuata. Dawa ilikuwa imebaki kwenye nguo na ngozi. Ndani ya mtoto hatukukuta chochote cha kuaminika. Mionzi aliyoipata kifuani kwa bibi yake ilikuwa zaidi ya ninayotaka mtoto yeyote aipate, na niliwaambia wazazi hivyo bila kuficha, lakini haikuwa ya kumletea ugonjwa tunaoweza kuuona. Baba aliniuliza, "Tunaoweza kuuona, maana yake?" Nikamweleza yote niliyoyajua, na nilipofika mwisho wa ninayoyajua nikamwambia kwamba hapa ndio mwisho. Alishukuru. Hakunipa mkono.

Mama alirudishwa kwenye chumba kile kile. Alibakiza siku chache tu za kukaa humo, lakini sasa hakupiga simu wala hakupokea. Nesi aliweka chakula mlangoni na kukikuta kimeguswa kidogo. Mimi nilianza kupeleka kiti changu koridoni, nje ya mlango wake, mchana baada ya chakula, umbali niliokwisha kuupima. Tuliongea mlango ukiwa wazi kidogo. Alinisimulia alivyoshuka kutoka Kilimanjaro akiwa msichana kuja kumsaidia shangazi yake dukani, alivyofiwa na mume, alivyomlea binti mmoja juu ya duka lile. Hakulitaja lile la asubuhi ile hadi siku ya mwisho, nilipompima na kumwambia anaweza kwenda.

"Nilijua ulichoniambia," akasema. "Nilikisikia vizuri. Ila nilipokuwa humu ndani niliona kama yale maneno ni ya humu ndani tu. Nje kuna jua, kuna watu, mtoto analia. Nikasema haiwezekani mimi, mikono yangu hii, iwe kitu kibaya."

Nyumba yake ilinisumbua kuliko yeye. Tulitoa mashuka, mto, kile kitenge, mkeka, na kiti cha plastiki cha yule jirani wa mashuka, tukavifungasha na kuvipeleka kwenye stoo yetu vikae mpaka mionzi iishe. Tulifuta sakafu na bomba. Tuliwaandikia wanaohusika na usalama wa mionzi nchini, wakaja, wakapima, wakaridhika. Wapangaji hawakuridhika. Familia moja ilihama. Mwenye nyumba alitaka mama naye ahame. Kwa hiyo nilirudi pale siku kadhaa, peke yangu, na kipimo mkononi, nikagonga mlango mmoja baada ya mwingine.

Walinifungulia kwa shaka, kisha hawakutaka niondoke. Mwanamke mmoja alitaka nipime magodoro yote ya watoto. Mwingine akaleta mchele, akaleta na dawa zake za presha. Kijana wa stoo akaniletea simu yake, akasema imekuwa ikipata moto. Yule mzee mwenye tasbihi aliniomba nitembee naye kwenye ngazi zote, kutoka mlangoni kwake hadi barabarani, njia anayopita akienda kuswali alfajiri. Tulishuka pamoja, kidogo kidogo kwa sababu ya magoti yake, kifaa kikidonoa polepole, tik, kimya, tik.

"Hii sauti haikomi kabisa?" akauliza.

"Haikomi, babu. Kidogo kidogo iko kila mahali. Ipo kwenye mawe, ipo kwenye ndizi."

"Tangu lini?"

"Tangu dunia iumbwe."

Alisimama akafikiri. "Heri usingeniambia," akasema. Kisha akashuka.

Mama hakuhama. Miezi kadhaa baadaye alirudi hospitali kwa ajili ya picha ya mwili mzima, na ni mimi niliyekagua mashine asubuhi ile. Picha ilitoka safi. Saratani haikuonekana mahali popote. Daktari alipomwambia alishukuru kwa kuinamisha kichwa tu. Nilimsindikiza mpaka nje, nikamuuliza kuhusu mjukuu.

"Ananenepa. Wananiletea Jumapili." Akaliweka sawa kapu mkononi. "Binti ananipa, nampakata. Baba yake anatoka nje. Hasemi neno baya, ni mtoto wa watu, ana heshima. Anatoka tu mpaka nimrudishe." Halafu akaongeza, kama mtu anayezungumza peke yake, "Na mimi namrudisha haraka. Nikimshika naanza kuhesabu."

Aliingiza mkono kwenye kapu akanitolea kitenge, doti nzima, cha kijani na njano, akasema nisikikatae. Sikukikataa.

Nilikifikisha nyumbani jioni, jua bado halijazama. Mama yangu mzazi alikuwa amekuja kututembelea, ameketi barazani na binti yangu. Nilipomsimulia kimetoka kwa nani, aliniambia nisikiingize ndani.

"Mama, hicho kimetoka dukani. Hata yeye mwenyewe sasa ni mzima, hana kitu mwilini."

"Najua. Wewe ndiye msomi. Ila kipime kwanza."

Ningeweza kubishana. Ningeweza kumweleza jinsi dawa ile inavyokwisha yenyewe, nusu kwa nusu, mpaka isibaki kitu, na kwamba ilikwisha miezi mingi iliyopita. Badala yake nilitoa kipimo kwenye mkoba, nikakitandaza kitenge juu ya kamba ya nguo, nikaanzia pindo la juu, nikishuka taratibu, mkono kwa mkono. Mama yangu alisimama nyuma yangu akisikiliza. Nilipofika mwisho nilikigeuza, nikapima na upande wa pili.